Dagaa Hawana Zamu

Jumatatu, 4 Novemba

Leo nimekuwa msomi. Darasa la kompyuta, Nyakato. Wanafunzi wenye mvi: mmoja. Mimi.

Mwalimu Ghati (angeweza kuwa binti yangu, na ananiita "baba" mbele za watu, inaniuma) kafundisha kitu kinaitwa mfumo endeshi. Kumbe ndani ya kompyuta kuna msimamizi asiyeonekana. Yeye ndiye anaamua kazi ipi ifanyike sasa na ipi ingoje. Halafu akafichua siri: zile skrini nne tunazogombania zote zinategemea boksi moja lililo chini ya meza yake. Moja! Wiki mbili nzima nimeipapasa ile ya dirishani nikiiita kompyuta yangu. Kumbe tulikuwa wake wanne kwa mume mmoja, na kila mmoja anajiona mke mkubwa.

Inaitwa kugawana muda. Boksi linampa huyu kipande kidogo cha muda, linaruka kwa yule, linaruka kwa wa tatu, linarudi. Linafanya upesi kiasi kwamba kila mtu anadhani anahudumiwa peke yake. Hakuna anayelalamika. Hakuna anayejua!

Miaka hamsini na moja nimeishi nikiamini lazima nimalize jambo moja ndipo nianze jingine. (Kumaliza nako huwaga simalizi, lakini nilikuwa naamini.) Watu wote waliowahi kusema Machibya haaminiki, kosa lao lilikuwa kukutana na mtu asiye na mfumo.

Mwalimu akasema tukanywe chai, tukirudi kuna nusu ya pili ya somo, aina nyingine ya mfumo, ya muhimu sana. Sikurudi. Mtu akishapewa ufunguo hangoji kuonyeshwa kitasa. Nilipanda baiskeli mpaka Kigera, nimuwahi Marcelina kabla Gody hajamuwahi.

Marcelina ni mjane, anakausha dagaa ufukweni, sauti ya kwanza kwenye kwaya, na ana cheko ambalo likianza upande wa ziwa wanaolima mlimani wanainua vichwa. Nampenda tangu Pasaka. Anajua. Kigera nzima inajua. Mbele za watu namwita Mama Dennis kwa heshima. Kizuizi ni Gody, fundi mabati, mpole, ana pikipiki na turubai jipya la bluu. Mimi nina baiskeli na maneno.

Nikamweleza kugawana muda. Alikuwa anageuza dagaa kwa reki. Akauliza, hilo boksi kwani halichoki? Nikamwambia halichoki wala halilalamiki. Akasema basi siyo mwanaume. Cheko! Nimerudi nyumbani nikiwa na furaha kubwa. Sina hakika ilikuwa sifa.

Jumatano, 6 Novemba

Jaribio la kwanza, nyumbani. Kazi tatu kwa pamoja: kupika uji, kupiga pasi shati la kwaya, kujifunza besi ya wimbo wa Jumapili. Kengele ya simu kila baada ya dakika ishirini. Ikilia, naacha nilichoshika, naruka kwenye kingine.

Matokeo: uji umekuwa ugali, ugali umekuwa tofali. Shati limetoboka mgongoni, tundu la kupitisha ngumi. Besi naijua vizuri sana.

Mjinga angesema mfumo haufai. Mimi nimefanya uchunguzi. Vipande vilikuwa virefu mno! Napunguza hadi dakika kumi. Hivi ndivyo sayansi inavyosonga mbele.

Alasiri Gody kapita kwenye kibanda changu cha kuchajia simu. Kauliza lile tundu mgongoni mwangu ni la kupitishia hewa, au nafungua dirisha upande wa Butiama, kwao Marcelina. Nimemjibu kwamba wasomi hawajali mavazi. Akasema anaona. Akacheka, akaniachia simu yake niichaji. Nimeichomeka mwisho kabisa, kwenye ile soketi inayochezacheza.

Alhamisi, 7 Novemba

Siku kubwa! Nimekubali mambo matatu kabla ya chakula cha mchana.

La kwanza. Jumamosi Marcelina anakwenda Bunda, kipaimara cha mtoto wa dada yake. Na hii ni wiki ya mwisho ya giza, usiku usio na mwezi ndio wa kuvulia dagaa, mitumbwi imejaza, amenunua dagaa mpaka mchanga wote mbele ya nyumba yake umekuwa fedha tupu. Nani atawaangalia? Maana wakinyeshewa, wanaoza. Atabaki na chakula cha kuku mpaka giza la mwezi ujao. Gody alikuwa ameshafungua mdomo. Mimi nilikuwa nimeshamaliza kuongea. Marcelina akasema, "Mzee Machibya, nataka macho yako. Maneno yako ninayo ya kutosha." Nikaapa kwa macho yote mawili.

La pili. Jumamosi hiyohiyo kaka yake mkubwa, Mwikwabe, anashuka kutoka Butiama kuja kunitazama, maana habari za Kigera zimemfikia. Kwao barua ya posa haipokelewi mpaka kaka aketi na mwanaume, wacheze drafti, mchezo mmoja, kuanzia kete ya kwanza mpaka ya mwisho. Wanasemaga anayeacha mchezo katikati ataacha na mke katikati. Atakuja kwangu saa nne.

La tatu. Apolinary, mwalimu wetu wa kwaya, katangaza mazoezi ya mwisho ni Jumamosi, kuanzia saa nne mpaka tutakapopatia. Jumapili ni sikukuu ya kigango, na ubeti wa besi ataimba mtu mmoja peke yake. Ama mimi. Ama Gody. Asiyefika ajihesabu amekosa.

Mtu wa kawaida angeomba radhi sehemu mbili. Mtu wa kawaida hajasoma mfumo endeshi.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimefanya ukaguzi wa njia kwa baiskeli. Kwangu, ufukweni, kanisani, kwangu. Pembetatu nzuri. Mbwa mmoja tu.

Dada yangu Nyangi kapiga simu kutoka Guta. Mvua zimeshaanza kule, anauliza nitakwenda lini kumsaidia kupanda pamba, kama nilivyoahidi mwaka jana na mwaka juzi. Nikamweleza nadharia. Akasema marehemu baba alikuwaga na beberu wa namna hiyo, alitaka kula majani ya mashamba yote kwa siku moja, akakonda akafia njiani. Nyangi ni mtu mwema lakini hana elimu ya kompyuta.

Nimekutana na Mwalimu Ghati sokoni. Kaniuliza, "Baba, mbona ulitukimbia Jumatatu?" Anasema ile nusu ya pili nikiikosa naweza kuja kujidhuru. Nimemwambia kwa sasa niko kwenye mazoezi ya vitendo ya nusu ya kwanza. Kanitakia kila la heri. Nadhani alitabasamu.

Jumamosi, 9 Novemba

Naandika mikono ikinuka dagaa. Nitajitahidi kufuata mpangilio.

Saa nne, Mwikwabe. Mtu mkubwa, kofia ya pama, maneno machache. Kaja na ubao wake wa drafti kwapani na kete zake mwenyewe, vizibo vya soda ndani ya soksi. Hakuniamkia kwa kirefu. Katandika ubao kibarazani kama daktari anayepanga visu.

Nikasogeza kete. Akasogeza. Nikasogeza. Kengele! Nikaomba udhuru, nikaruka kwenye baiskeli. Ufukweni: dagaa wapo. Wote. Jua kali, kunguru wawili. Nikageuza fungu moja. Kengele! Kanisani: nikaingia katikati ya ubeti, nikashika besi yangu pale pale, Apolinary akatikisa kichwa kwa furaha. Kengele! Nyumbani: Mwikwabe bado anafikiria kete yake. Hakujua nimetoka! Nilitaka kumkumbatia.

Mzunguko wa kwanza: ushindi mtupu. Mungu ni mkubwa, na mimi najitahidi.

Mzunguko wa pili, dosari ndogo. Kumbe kila nikifika mahali lazima kwanza nikumbuke nilikuwa nimefikia wapi. Boksi la Mwalimu Ghati huwaga linaandika pembeni kabla ya kuruka. Mimi siandiki. Mwikwabe alipokula kete yangu nikamjibu "Aleluya," kwa sauti ya nne. Kanisani Apolinary aliponyoosha mkono nikasema, "Zamu yako." Kunguru nao niliwaomba wakae kibarazani wakati naandaa chai.

Mzunguko wa tatu, Mwikwabe akauliza kwa upole, "Shemeji, ni tumbo?" Shemeji! Kaniita shemeji! Kwa furaha nikakubali kwamba ni tumbo. Kosa. Mtu huyu anatibu tumbo. Alishachuma majani nyuma ya nyumba yangu ambayo sikujua kama ninayo, akayachemsha kwenye sufuria yangu ya uji, akanipa kikombe. Chungu! Nimewahi kumeza betri ya redio kwa bahati mbaya utotoni, ilikuwa tamu zaidi.

Kanisani nako mambo yamepanda. Kila nikitoka inakuwa tumefika ule ubeti wa majuto, na kwa sababu ya dawa machozi yalikuwa yananitoka. Apolinary akawasimamisha wote, akawaambia watazame mwenzao Machibya, anavyoguswa mpaka anashindwa kukaa ndani, nyie mnaimba majuto kama mnanadi nyanya. Sauti ya pili ikainamisha vichwa. Gody peke yake alinitazama kama mtu anayeuziwa mbuzi wa miguu mitatu.

Hapo nikapiga hesabu njiani, nikiwa napumua kwa mdomo. Asubuhi yote: kete nne, beti mbili, fungu moja na nusu la dagaa. Muda mwingine wote nilikuwa juu ya baiskeli. Hakuna aliyeniambia kwamba kuruka nako ni kazi! Mbwa wa pale konani alikuwa ameshaacha kunifukuza. Ananisindikiza tu.

Kisha wingu.

Nilikuwa kanisani. Dirishani ziwa likageuka rangi ya kitako cha sufuria. Gody akanyoosha mkono katikati ya wimbo, akasema mvua hiyo, nani yuko na dagaa wa Mama Dennis? Wote wakanigeukia. Nikatazama simu. Dakika tatu za kwaya zilikuwa bado hazijaisha. Nikawaambia wasiwe na hofu, kila jambo lina zamu yake na zamu ya dagaa inakuja, mfumo ni mfumo. Gody hakuomba hata ruhusa. Nikasikia pikipiki.

Mimi nikaimba. Kwa haki, niliimba vizuri kuliko siku zote.

Kengele! Baiskeli! Tone la kwanza lilinipiga puani mlangoni mwa kanisa, la pili sikulihesabu. Niliteleza, nikaamka, nikateleza tena. Nilifika na kuona kitu ambacho sitakisahau.

Gody anatandaza lile turubai la bluu, upepo unalipeleka Ukerewe naye hakubali. Mwikwabe, aliyekuwa amekuja kunitafuta na kikombe cha pili cha dawa, kakishika mkono mmoja hakimwagiki, na kwa mkono mwingine anazoa dagaa kwa ubao wa drafti. Vizibo vyangu, vyake, mchezo mzima mchangani! Na nyuma yangu kelele. Kwaya yote! Huku Kigera mvua ikiita hakuna anayeuliza dagaa ni wa nani, unaacha sufuria, unaacha maiti ndani ikibidi, unazoa. Walikuja na mashati meupe, na Apolinary alikuwa hajaacha kuongoza. Kashika reki ya Marcelina, anapiga mapigo nayo. Sauti ya kwanza wanajaza, sauti ya pili wanafunga, sauti ya tatu wanabeba, wote wanaimba ule ubeti wa majuto kwa nguvu, na safari hii ulikaa sawasawa.

Nami nikajitosa. Ndoo zimekwisha, nikavua shati, nikalijaza dagaa, nikalitupa begani nikakimbia. Nilisahau tundu. Nilifika chini ya turubai na shati tupu, na nyuma yangu mstari mrefu wa dagaa, na kunguru wanaufuata kwa adabu kama maandamano ya Ekaristi.

Lakini waliokolewa! Hasara kama ndoo moja, nyingi yake kupitia mgongo wa shati langu. Tukakaa chini ya turubai, tumelowa, tunanuka, tunacheka kama watoto.

Hapo ikafika bodaboda kutoka stendi. Marcelina, gauni la kipaimara, mfuko wa plastiki kichwani. Akatazama kwaya. Akamtazama kaka yake na kikombe. Akauliza nani alikuwa analinda.

Vidole vyote vya kigango vikanielekea.

Nikasimama. Nikaeleza. Boksi moja, skrini nne, vipande, kengele. Alinisikiliza mpaka mwisho, mvua inamdondoka kidevuni. Kisha akauliza, "Na mvua nayo uliipangia zamu ya saa ngapi, mzee Machibya?"

Apolinary alikalia gunia kwa kucheka. Mwikwabe, yule wa maneno machache, alimwaga dawa. Na Marcelina naye akaanza, lile lenyewe, la kuinua vichwa mlimani. Nikawa tayari kuunguza shati jingine.

Lakini alipomaliza kucheka akanikumbusha jambo moja. Mchezo haujaisha. Kaka hajasema kitu. Tumbo likaniuma kweli.

Jumapili, 10 Novemba

Ubeti wa besi kapewa Gody. Kauimba vizuri. Inasikitisha.

Baada ya misa, kwa Marcelina. Mwikwabe alikuwa ameshaokota vizibo vyote mchangani na kuviosha. Kabla sijaketi, Marcelina akanyoosha mkono kama mwalimu anayenyang'anya manati. Nikampa simu. Akaizika ndani ya debe la unga, akafunika, akakalia kifuniko.

Nikacheza. Hakuna kengele. Hakuna baiskeli. Nilikuwa sijui kwamba drafti ni ndefu hivi. Nilikuwa sijui pia kwamba siijui drafti. Mwikwabe alinila kete mbilimbili, tatutatu, akatengeneza kingi, akatengeneza ya pili, anazitembeza ubaoni kama mtu anayekagua ng'ombe wake. Mara mbili miguu ilitaka kuinuka yenyewe. Nikaishika kwa mikono. Kete yangu ya mwisho niliisindikiza kwa macho kama mtoto anayepelekwa bweni.

Mwikwabe akakusanya vizibo ndani ya soksi. Akasema kwamba katika kuozesha dada zake wote hajaona mwanaume anayefungwa kwa ukamilifu namna hii bila kuinuka kitini. Barua iletwe Butiama, Jumamosi ijayo.

Nilitaka kuruka. Marcelina akaniwahi. Mbele ya kaka, mbele ya Gody, mbele ya sauti ya pili nzima iliyokuwa imekuja eti kuazima chumvi, akaniuliza ninamtaka au simtaki. Nikakohoa. Nilikuwa na hotuba, ilikuwa na utangulizi. Nikaanza, "Mama Dennis, kama tunavyofahamu..." Akainua reki. Sasa hivi, akasema. Usipojibu sasa hivi ni sawa na hapana.

Nikasema ndiyo. Nilipiga kelele ndiyo mpaka kuku wakatawanyika.

Gody ndiye alianza kupiga makofi. Kasema turubai lake ni la harusi, bure. Kuanzia leo nampenda Gody kama ndugu. Ule ubeti nitauchukua mwakani.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekwenda darasani kudai nusu yangu ya pili.

Mwalimu Ghati kanifundisha peke yangu, wengine wakiwa kwenye chai. Aina ya pili ni mfumo wa wakati halisi. Huo haujali kumfurahisha kila mtu. Unajali kuwahi. Breki za basi, mashine ya kulinda mapigo ya moyo: jibu hata likiwa sahihi, likichelewa ni jibu baya. Hapo kazi ya hatari haingoji zamu, inaruhusiwa kuzikatiza nyingine zote hapohapo. Nikamwambia mfumo huo nimeshauona, ulikuwa umeshika reki. Nikamsimulia yote. Kacheka mpaka akafuta macho, akasema, "Sasa baba, umejifunza nini?"

Nimejifunza kwamba mfumo wangu haukuwa na kosa lolote! Ulipungukiwa kitu kimoja tu. Kukatizwa! Laiti ningewaambia dagaa wanibipu!

Basi. Marcelina kaniapisha jana kwamba Jumamosi nitakuwa mtu mmoja mahali pamoja, Butiama, na barua mkononi, tangu asubuhi mpaka wazee wamalize kula. Nimeapa na nitatimiza. Ila Apolinary naye kaniomba niende na kwaya Bunda siku hiyohiyo, kuna ubeti wa besi huko wa mtu mmoja, na Gody hataki. Nani angekataa? Na Nyangi kapiga simu analia kuhusu pamba, na Guta ukiwa Bunda si ni pale tu, unapitia. Sasa giza limekwisha, mbalamwezi imeanza, dagaa wanapumzika ziwani, hakuna cha kunyeshewa. Gody ananiazima pikipiki, kwa hiyo lile tatizo la kuruka nalo limekwisha. Vipande vya dakika kumi kumi. Mwenye dharura anibipu mara mbili, nitakatiza yeyote nitakayekuwa naye, awe mzee wa ukoo, awe nani.

Hata shajara hii nimeshaiwekea kipande chake, kengele ikilia naweka kalamu chini hapohapo, nidhamu inaanzia nyumbani. Na leo nilitaka niandike jambo moja tu, ndilo la maana kuliko yote hapo juu. Jana watu walipoondoka Marcelina alinisindikiza mpaka kwenye uzio. Simu yangu ina unga. Akaifuta kwa kanga yake, akanipa, hakuiachia. Kwa mara ya kwanza hakuniita mzee, kaniita kwa jina langu la ubatizo. Alisema neno ambalo sijawahi kuambiwa na mtu, nimelirudia njia nzima nisije nikalisahau. Alisema, "Isaya, mimi